Shangazi, nikiulizwa habari za kazi nasema ukweli

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi, natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana daktari aliniambia nina usonji, ile hali ya ubongo ambayo Waingereza wanaiita autism. Dukani na wateja sina shida. Nikitoka nje ya kaunta ndipo napotea. Mtu akiniuliza habari za kazi namweleza stoo ilivyoingia maji mpaka anaanza kutazama simu yake. Sasa mdogo wangu anaoa na mimi ni mjumbe wa kamati. Kikao cha kwanza tulikutana baa, muziki uko juu. Mjomba, ambaye ni mwenyekiti, akasoma: wageni 250, kila mmoja soda 2, kreti 30. Nikamwambia, 'Hapana, ni 21.' Watu wote kimya. Mama mkubwa akasema nina kiburi, hata kumtazama mtu usoni siwezi. Sijarudi tena. Kikao kingine ni Jumapili hii saa kumi jioni. Nifanyeje nipate ujasiri kama wenzangu?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la macho, maana limenichekesha. Sisi tuliokulia migombani tulifinywa kwa kumkodolea mkubwa macho. Binti akisemeshwa na mjomba anatazama chini, na huo ndio uliitwa uungwana. Leo mama mkubwa, aliyelelewa hivyo hivyo, anataka umtazame kama mtangazaji wa runinga! Usijilazimishe. Wengi wenye usonji wanaeleza kwamba wakikazana kumtazama mtu machoni, maneno yake hayaingii tena. Tazama kikombe chake, au mikono yake, na umwambie mapema: "Mama, nikitazama chini ndipo nakusikia vizuri." Ijaribu sentensi hiyo nyumbani mpaka ikutoke yenyewe.

Kuhusu salamu, mbona Kiswahili kimekurahisishia. "Habari za kazi" si swali, ni hodi. Anayebisha hodi anangoja "karibu", hangoji kuelezwa mlango ulichongwa na fundi gani. Jibu "nzuri", hata kama stoo inaelea, kisha mrudishie: za kwako, za nyumbani, za watoto. Ngazi ni zile zile kila siku, na mtu anayependa mpangilio kama wewe anaweza kuzipanda akiwa amefumba macho. Najua hiyo "nzuri" itakukwama kooni kama uongo. Basi sema "nzuri kiasi". Akikuuliza kwa nini kiasi, hapo amekufungulia mlango, mpe habari za maji. Asipouliza, tayari mmeshasalimiana. Kinachowashinda wengi, hata wasio na usonji, ni kutoka. Uwe na yako mfukoni: "Haya, ngoja nikuache, tutaonana."

Lakini hilo neno "kama wenzangu" sikulipenda. Usonji hukuupata mwaka jana, umezaliwa nao. Daktari amekupa jina lake tu. Wanawake wengi wanajulikana kuwa nao ukubwani kwa sababu tangu shule wamekuwa wakiiga: wenzao wakicheka nao wanacheka, wenzao wakinyamaza nao wananyamaza. Kuiga huko kunachosha vibaya, na wapo wanaoishia kwenye sonona. Ukiona usingizi na hamu ya kula vimekukimbia, usiningoje mimi, rudi kwa daktari wako.

Mwaka 2012 mwanasosholojia mmoja wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji anashindwa kuwasoma wengine, na wengine nao wanashindwa kumsoma yeye. Mama mkubwa ameona kiburi mahali palipokuwa na hesabu. Wewe ndiye uliyeshindwa kumsoma mwenzako hapo?

Niungame kitu. Miaka ya nyuma nilimshauri mama mmoja ampeleke mwanawe kwenye kila sherehe "azoee watu". Kijana hakuzoea, alijifunza kujificha chooni. Bado najuta. Kelele kwa baadhi yenu ni maumivu kabisa, na maumivu hayaishi kwa kuongezewa.

Kwa hiyo sikupi mazoezi ya kuigiza. Umeniandikia mwenyewe kwamba kwenye kaunta huna shida. Basi ihamishe kaunta uende nayo kikaoni. Omba uwe mshika daftari la michango. Mwenye daftari hazunguki ukumbini akitafuta la kusema. Watu ndio wanaomfuata, kila mmoja anajua alichokifuata, na mazungumzo yana mwisho wake: ametoa, umeandika, umemsomea jina lake, anaondoka. Hakuna atakayeuliza mbona umekaa peke yako. Meza iwe mbali na spika. Vizibo vya masikio vinapatikana famasi, na nywele zitavificha kama hutaki maswali. Mwambie mdogo wako, bwana harusi mwenyewe, habari za usonji, ili ukimpa ishara akusindikize nje upunge upepo. Wengine utawaambia ukitaka, ni habari yako.

Mjomba sasa. Hesabu yako ilikuwa sawa, ila kuna sheria ambayo hakuna aliyekufundisha kwa sababu kila mtu anadhani unaijua: mwenyekiti hasahihishwi mbele ya wajumbe. Anaandikiwa kikaratasi, au ananong'onezwa, kisha anatangaza mwenyewe kana kwamba ndiye aliyegundua. Ni upuuzi? Kidogo. Lakini ndivyo vikao vyetu vinavyokwenda. Mpigie kabla ya Jumapili: "Mjomba, samahani kwa namna nilivyosema." Namna tu. Namba usiiombee msamaha.

Jumapili fika saa tisa na nusu, kabla spika hazijawashwa, uchague kiti mwenyewe. Na mjomba, kama unasoma hapa: wageni 250 kwa soda 2 ni chupa 500, na kreti ina chupa 24. Nimegawa mara mbili kwa kalamu. Ni kreti 21, na zinabaki chupa 4 za mwenyekiti.