Kinywe cha Ruangwa na betri inayopigwa picha ikiwa kazini

Hapa Ruangwa tunaambiwa kinywe chetu, haya madini meusi ya kaboni, kinakwenda kwenye betri. Kinafanya nini humo?

Kinahifadhi lithiamu. Ukichaji simu, ioni za lithiamu (atomu zenye chaji ya umeme) hutoka upande chanya, huvuka majimaji ya katikati na kujipenyeza baina ya matabaka ya kinywe. Ukiitumia, zinarudi zilikotoka. Kinywe kikijaa, kila atomu sita za kaboni zimeshika moja ya lithiamu.

Utamu wake ni rangi. Watafiti huunda betri ndogo yenye kidirisha cha kioo, wakaiweka chini ya darubini na kuichaji. Kinywe cheusi kinageuka bluu, kisha chekundu, na kikishiba kinang'aa dhahabu! Tena hakibadiliki chote kwa pamoja: punje hii imeshafika dhahabu, ya jirani bado bluu. Hapo ndipo wanapojua ni wapi betri inazembea.

Kwa nini wasiifungue tu wakaangalia? (Mwanafunzi, Masasi)

Ukiifungua umeiharibu, mwanangu. Lithiamu iliyomo ikikutana na hewa yenye unyevu hubadilika palepale. Na mwendo hauonekani kwenye kitu kilichosimama. Betri isiyo na kidirisha humulikwa kwa eksirei kali za mitambo mikubwa kama ESRF, Grenoble, Ufaransa. Afrika nzima hatuna hata mmoja wa aina hiyo, na madini tunayo. Linaniudhi.

Mimi ni fundi simu Mtwara mjini. Betri zenye lithiamu tupu badala ya kinywe zitafika lini?

Tamaa ina sababu, fundi: gramu ya lithiamu hubeba chaji takriban mara 10 ya gramu ya kinywe (mAh 3,860 kwa 372). Ila picha zimeonesha kwamba wakati wa kuchaji lithiamu hailali sawasawa, inaota miba. Mwiba ukigusa upande wa pili ni shoti, pengine moto. Wamejaribu kuweka kitu kigumu mahali pa majimaji, na bado miba imeonekana ikipenya kwenye nyufa. Anayekutajia mwaka, huyo ana kitu cha kukuuzia.

Betri ya lithiamu ya taa ya dagaa inashinda juani kwenye mtumbwi. Ina madhara? (Mikindani)

Ndiyo, kaka. Joto hunenepesha utando unaoota juu ya kinywe, nao unakula lithiamu. Itie kivulini, na isilale siku nyingi imejaa chaji bila kazi. Ikivimba, usiitoboe wala usiichaji tena.