Ukaguzi wa gari dogo na wa lori: msilinganishe vyeti peke yake

Mleta mada umeuliza nchi gani ina ukaguzi mkali zaidi wa magari, na kwa nini gari dogo jipya linaachwa miaka mitatu huku lori likiitwa kila mwaka. Mkuu, nimekaa karakana ya malori miaka 11, kazi yangu kubwa ikiwa kuyaandaa kwa ukaguzi, kwa hiyo najibu nikiwa upande niliouzoea: chini ya gari.

Ratiba kwanza, maana hiyo haina ubishi. Uingereza gari dogo hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila mwaka. Ukaguzi huo wanauita MOT. Ulipoanza mwaka 1960 ulihusu magari ya miaka 10 na kuendelea tu. 1967 ndipo umri ukashuka hadi 3. Ujerumani na Japani ni miaka 3 ya mwanzo, halafu kila baada ya 2. Umoja wa Ulaya umeweka kima cha chini cha miaka 4 kisha kila 2, na nchi inayotaka kukaza ruksa. Malori mazito huko kote huitwa kila mwaka, na New Zealand ni kila miezi 6, pamoja na mabasi na teksi.

Sababu ni uzito na kilomita. Lori la masafa linapita kilomita laki moja kwa mwaka bila shida. Gari la kwendea kazini laweza kuchukua miaka saba kufika hapo. Tena lori lenye tani 40 halina msamaha likikosa breki.

Sasa jambo ambalo watu hawaliangalii: nani anakagua. Uingereza gereji inayokagua gari lako ndiyo hiyo hiyo inayoweza kulitengeneza. Ujerumani wametenganisha, mashirika ya ukaguzi kama TÜV au DEKRA wanakagua, hawauzi hata nati moja. (TÜV wenyewe walianzia kwenye boila za mvuke, baada ya boila kulipuka Mannheim mwaka 1865. Magari yalikuja baadaye sana.) Uholanzi wana njia ninayoipenda: gereji inakagua, lakini mamlaka yao, RDW, huchagua kwa bahati nasibu takribani gari 3 katika kila 100 na kuja kulirudia. Fundi hajui ni lipi, basi analazimika kuwa mkweli kwa yote. Gereji inayokagua na kutengeneza ina vishawishi viwili, si kimoja kama wengi wanavyodhani: kukufelisha ili ikuuzie bushi, au kukupitisha ili mwakani urudi. Cha pili ndicho kinachoua watu.

Kwa malori Uingereza wamekwepa hilo. Mkaguzi ni mtu wa serikali, hata kama jengo na mashine ni za mtu binafsi.

Lakini hata mkaguzi awe malaika, anaona siku moja tu. Tulikuwa na tela moja lililopita ukaguzi wa mwaka bila kasoro hata moja. Wiki tano baadaye likaingia kwenye ukaguzi wetu wenyewe wa ndani. Nikalala chini, nikachora alama ya chaki kwenye fimbo ya busta (kile chombo ambacho upepo husukuma fimbo yake ili breki ibane) pale inapotokea, nikamwambia mwenzangu akanyage breki. Gurudumu la kwanza, fimbo ikatoka kidogo ikasimama. La pili vivyo hivyo. La tatu ikatoka, ikaendelea kutoka, nikadhani macho yangu. Kile kimkono kinachojirekebisha chenyewe kiatu cha breki, kinachobana dramu la gurudumu, kinapolika kilikuwa kimeganda, grisi haijafika. Dereva hakuwa amehisi kitu, kwa sababu dramu likiwa baridi breki ilikuwa bado inashika. Ubaya wa breki za upepo ni huo: kwenye mteremko dramu linapata moto, linatanuka, fimbo inazidi kuwa na safari ndefu, na busta linafika mwisho wake kabla kiatu hakijabana. Breki inakukimbia pale pale unapoihitaji. Cheti kilikuwa halali miezi kumi na zaidi mbele.

Ndiyo maana kwa malori nalinganisha kinachofanyika katikati. Ujerumani lori la zaidi ya tani 7.5 hupitia ukaguzi wa usalama kila nusu mwaka. Japani mwenye malori ya biashara lazima ayakague kila miezi 3. Uingereza ndiko walikokaza zaidi kwa maoni yangu: kampuni haipati leseni ya kusafirisha mizigo bila ratiba ya ukaguzi, ambayo kwa magari yanayofanya kazi ngumu huwa kila wiki 6 hivi, dereva analizunguka gari kabla ya kuondoka, na kumbukumbu zinatunzwa miezi 15. Ukicheza, hawakunyimi cheti cha gari moja. Wanakunyang'anya leseni, na magari yote yanalala.

Marekani ni mchanganyiko. Gari la biashara lazima likaguliwe kila mwaka kwa sheria ya taifa, lakini gari binafsi ni shauri la jimbo, na majimbo mengi hayana ukaguzi wa usalama kabisa. Texas wameufuta kwa magari binafsi tangu Januari 1, 2025. Wanachokitegemea ni ukaguzi wa barabarani: lori likikutwa na kasoro kubwa halisogei hadi litengenezwe pale lilipo.

Kwa gari dogo, basi, mimi ningechukua wa Ujerumani. Kwa lori, wa Uingereza.

Na aliyeuliza hapo juu kama kuosha injini kunasaidia: hapana, ila chesisi likiwa na tope zito mkaguzi anaweza kukataa hata kuanza. Osha chini, si juu.

Ukienda kununua lori lililotumika, cheti kiangalie mara moja ukirudishe. Omba faili la ukaguzi wa ndani. Ukiona kurasa zote zina mwandiko mmoja, wino mmoja, na "hakuna kasoro" toka mwanzo hadi mwisho, chukua chaki uingie chini mwenyewe.