Kabla Hujaisifu Asilimia Yako, Hesabu Wagonjwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, modeli yangu ya kutambua vinundu vyenye saratani kwenye tezi dundumio (thyroid), ile tezi ya shingoni, imefika usahihi wa asilimia 97. Naomba ushauri wa kumaliza tasnifu haraka." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Nikajiona mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita.

Yangu ilikuwa 96. Nilichukua ResNet, programu ya kompyuta ya kutambua picha, iliyokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida, nikaipa picha za altrasaundi, nikazichanganya zote kama karata na kutenga moja ya tano kwa ajili ya mtihani. Usiku ile namba ilipotokea nilimpigia mama simu, nikamwambia kompyuta yangu inaijua saratani.

Siku ya kuwasilisha, daktari bingwa wa radiolojia aliuliza swali moja tu: "Hizi picha ni za wagonjwa wangapi?" Sikuwa na jibu. Kinundu kimoja hupigwa picha kwa urefu, kwa upana, pengine mara tano. Shingo zile zile zilikuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani. Modeli ilikuwa imekariri shingo za watu. Msimamizi wangu, aliyeiona kila hatua, aliinamia meza asiseme neno. Kimya kile kinaniuma mpaka leo.

Nilipogawa upya kwa mgonjwa, yaani picha zote za mtu mmoja zikae upande mmoja tu, wa mafunzo au wa mtihani, 96 ikaporomoka hadi 71.

Ndipo nikausoma TI-RADS, mwongozo wa 2017 wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani wa kupima shaka ya saratani kwenye vinundu hivi, ambao ndio ningeanza nao. Daktari anahesabu pointi, na zikiwa nyingi shaka inaongezeka: kinundu ni maji au nyama, weusi wake, umbo, kingo, vidoa vinavyong'aa. Kinundu kilichosimama, yaani kimo kimezidi upana, kinapata pointi 3 kwa hilo peke yake. Nami nilizibana picha zote ziwe mraba wa pikseli 224, tena nikazizungusha nyuzi 90 ili ziongezeke! Kinundu kilicholala ukikizungusha kinasimama. Dalili niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Na zile alama za kupimia ambazo mpigaji picha huziweka pembeni mwa kinundu, sikuziondoa. Modeli ilikuwa inazifuata hizo.

Ndugu yangu, gawa kwa mgonjwa. Kabla hujachagua modeli, gawa kwa mgonjwa. Na usiniambie asilimia tupu: zaidi ya vinundu tisa katika kumi havina saratani, hivyo hata modeli inayomwambia kila mtu "uko salama" itavuka 90, na kila mwenye saratani atarudishwa nyumbani. Niambie imewakosa wangapi. Nyuma ya kila picha kuna mtu, mara nyingi mama wa watu, anayesubiri kuambiwa kama atachomwa sindano ya shingo.

Fungua jedwali la picha zako sasa hivi. Kama halina safu ya namba za wagonjwa, rudi hospitali ukaiombe, kabla hujaandika sura hata moja.