Mmoja asukume kifua, mwingine aulize

Mzee aliletwa hospitalini kwetu Mbeya kwa bajaji kutoka Uyole saa tisa usiku, kichwa mapajani mwa bintiye. Mapigo hakuna, pumzi hakuna. Tukamvamia: kusukuma kifua, mrija wa hewa, sindano ya adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Nilisikia mbavu zikivunjika chini ya viganja vyangu. Nusu saa baadaye binti akatoa karatasi mkobani: saratani ya ini iliyosambaa, mgonjwa karuhusiwa akauguzwe nyumbani. Akaniuliza, "Sista, bado mnamtesa baba?"

Tangu usiku ule, zamu yangu ina utaratibu. Kusukuma kunaanza hapohapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala hakumsubiri mtu. Ila mmoja wetu anatoka kuongea na ndugu. Nani alimwona akianguka? Kuna aliyemsukuma kifua njiani? Wiki iliyopita alikuwa anatembea, anaoga mwenyewe? Umri nauliza mwisho. Mzee wa miaka 80 anayepanda mwenyewe vilima vya Rungwe kwenda kuchuma chai simweki kapu moja na kijana ambaye viungo vyake vya ndani vimeshachoka kwa maradhi.

Mashine ikionyesha moyo unatetemeka ovyo, huyo shtua kwa umeme upesi. Asiposukumwa wala kushtuliwa, kila dakika hula asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kupona. Mstari ulionyooka haushtuliwi, hata kama kwenye filamu wanafanya hivyo. Hapo endelea kusukuma huku ukisaka chanzo: damu imemwagika? Amekunywa dawa ya kuulia wadudu? Amelala na jiko la mkaa ndani, akavuta hewa yake ya sumu? Huku kwetu baridi ya Juni na Julai inaua hivyo, na mtu wa namna hiyo hewa ya oksijeni ndiyo dawa yake ya kwanza.

Halafu kuna radi. Kwenye ajali kubwa ya basi, tuseme pale mteremko wa Kitonga, majeruhi wakiwa wengi asiye na pumzi huachwa, tukawahi wanaolia. Kwa radi tunageuza: anayelia atasubiri, tunaanza na aliyelala kama maiti. Moyo wake mara nyingi huwaka tena wenyewe, lakini pumzi hubaki imezimika, na asipopuliziwa hewa moyo unasimama mara ya pili. Na jamani, mguseni tu. Mwilini hamna umeme uliobaki.

Kuacha nako ni kazi. Kama hakuna aliyemwona akianguka, hakuna aliyemsukuma, mashine haikupata cha kushtua na dakika 20 zimepita bila mapigo, daktari anatuuliza mmoja mmoja kabla ya kusimamisha. Aliyeokotwa kwenye baridi kali tunampasha joto kwanza. Mjamzito naye ana hesabu yake: mimba ikishavuka wiki 20 hivi, mtoto atolewe ndani ya dakika chache, kwa faida ya mama pia.

Nyumbani, muulizeni mgonjwa wenu angali na kauli. Mimi nilimuuliza mama tukimenya viazi. Akanyamaza, akamaliza kiazi chake, akasema, "Mara ya kwanza nisukumeni. Nikirudi, halafu nikaenda tena, mniache." Nimeyaandika kwenye daftari lake la kliniki, na kaka zangu wote wameyasoma.