Mitandao imeungana, mbona simu yangu bado haishiki?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni wakala wa pesa, nakaa Kibosho, Moshi. Mtandao wangu uliungana na mwenzake, tukatangaziwa kwamba minara yote sasa ni ya kwetu. Badala ya nafuu, mambo yameharibika. Nikishuka mjini simu iko sawa, nikirudi nyumbani ni kistari kimoja, miamala inakatikia njiani na chaji haifiki jioni. Mume wangu ana laini ya ule mtandao mwingine. Tunakaa kochi moja, yeye mtandao umejaa! Nimebadilisha simu, wapi. Shida ni mnara, laini au simu? Na je, nihame?

JIBU: Nzuri, dada, na pole kwa usumbufu. Hiyo habari ya kochi moja imenisaidia kuliko yote uliyoandika, maana inaonyesha kwamba mawimbi yanafika sebuleni kwako. Simu yako ndiyo haiyatumii, na ina sababu zake.

Watu wengi wanaamini simu hutafuta mnara wenye nguvu kuliko yote. Sivyo. Hutafuta kwanza mnara wa nyumbani kwake. Ndani ya laini yako kuna tarakimu tano za utambulisho: tatu za nchi, ambazo kwa Tanzania ni 640, na mbili za mtandao. Kila mnara nao hutangaza tarakimu zake hewani usiku na mchana. Simu ikikuta mnara wenye tarakimu zinazolingana na za laini, inajisajili hapo hata kama mawimbi ni hafifu, alimradi yanafika kiwango cha chini. Mnara wa mwenzake unaweza kuwa hapo jirani unavuma, simu ikaupita tu.

Sasa, wakubwa wakishatia saini mkataba wa kuungana, tarakimu hizo hazibadiliki zenyewe. Kazi inabaki kwa mafundi, na kwa kawaida huenda kwa hatua. Kwanza wanaruhusu laini za upande mmoja ziingie kwenye minara ya upande wa pili pale tu zinapokosa kabisa mtandao wa kwao. Baadaye mitambo inaiambia simu kwamba tarakimu hizi na zile zihesabiwe sawa, na hapo ndipo simu inakuwa huru kufuata mnara wenye nguvu. Wewe, kwa dalili ulizotaja, umekwama katikati ya hatua hizo mbili. Kistari kimoja ulichonacho ndicho kinachokuponza: kingekuwa hakipo kabisa, simu ingeshahamia kwa jirani.

Si Kibosho tu. Uingereza, T-Mobile na Orange walipoungana mwaka 2010, wateja walifunguliwa minara ya pande zote mbili kuanzia Oktoba mwaka huo, lakini mwanzoni simu ilihama baada ya kupoteza mtandao wake. Kuifanya ifuate mnara wenye nguvu zaidi kulikuja baadaye.

Kuna kero nyingine hapo hapo. Simu ikishahamia mnara wa mwenzake haitulii. Kila baada ya muda fulani inachungulia kama mnara wa nyumbani umerudi. Muda huo umeandikwa kwenye laini, kati ya dakika 6 na saa 8, na kama haukuandikwa simu huchukua dakika 60. Ikiukuta, hata ukiwa dhaifu, inarudi. Ndiyo maana utaona asubuhi mtandao mzuri, saa moja baadaye umeporomoka, na hujasogea hata hatua.

Kuhusu kubadilisha simu na shida kubaki ile ile, elekeza macho kwenye laini. Simu ikikataliwa na mtandao fulani, huandika tarakimu za mtandao huo kwenye orodha ya marufuku iliyomo ndani ya laini yenyewe, na haiendi kugonga hodi tena kwa hiari yake. Kama laini yako ilijaribu ule mnara mwingine kabla ya muungano ikafukuzwa, huenda hadi leo inauogopa, na ukiipeleka kwenye simu mpya inakwenda na orodha yake.

Dawa yake haina gharama. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, uzime kule kuchagua mtandao kiotomatiki. Subiri, inaweza kuchukua dakika mbili tatu, ikuletee majina ya mitandao iliyopo. Chagua ule wa mwenzake. Ukikubaliwa, marufuku inafutika palepale. Ukikataliwa, piga picha maandishi yatakayotokea, utayahitaji. Baada ya jaribio rudisha kwenye otomatiki, la sivyo ukishuka mjini simu inaweza kukaa bila mtandao. (Ndugu zetu wa Rombo, kule Tarakea, wao nawaambia kinyume: waiache simu imefungwa kwenye mtandao wa nyumbani, maana otomatiki inaweza kuwavusha mpaka mtandao wa Kenya, wenye 639, wakalipishwa kama wako safarini.) Na ikiwa data inagoma huku kupiga kunakubali, angalia kama herufi R imetokea juu ya kioo. Ikiwepo, simu iko kwenye mnara usio wa nyumbani kwake, basi washa data ya romingi, lakini uliza kwanza huduma kwa wateja kama bando lako linahesabika huko.

Usiviamini vistari. Kila kampuni ya simu huvichora inavyopenda. Nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini, utakuta nguvu ya mawimbi kwa tarakimu zenye alama ya kutoa mbele, mathalani -85. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye 4G, -85 ni nzuri sana, -105 utavumilia, -118 ni ya kubahatisha. Tena kila inaposhuka kwa kumi, mawimbi yanapungua mara kumi: kutoka -85 hadi -115 mawimbi yamepungua mara elfu moja. Soma ya kwako na ya mume wako mkiwa kwenye kochi hilo hilo, kisha tokeni nje mkasome tena uani. Kama nje inapanda sana, bati na kuta vinachangia. Kama ya kwako iko -115 nje na ndani, mnara wako ndio uliosogea mbali.

Na kusogea kunawezekana. Minara miwili ya kampuni zilizoungana ikikaa karibu karibu, mmoja huzimwa, kwani nani atalipia pango na umeme mara mbili kwa eneo lile lile? Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubali. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro inadanganya, kwa sababu kati ya kijiji na kijiji kuna korongo. Mnara uliobaki ukiwa ng'ambo, nyumba iliyo kwenye kingo ya upande huu hauioni, na katikati kuna migomba, ambayo majani yake yamejaa maji, na maji hunywa mawimbi. Msimu wa masika utalalamika zaidi.

Chaji inaisha kwa sababu hiyo hiyo. Simu ikiwa mbali na mnara huongeza sauti yake ili isikike. Kwenye 2G inaweza kufika wati 2, wakati kwenye 4G kikomo cha kawaida ni wati 0.2. Ukiona imepata joto mfukoni na hujaigusa, inahangaika kutafuta mtandao.

Miamala inataka maelezo yake. Ile menyu ya nyota na reli, kwenye simu ambayo haijawezeshwa kupiga kupitia 4G, huifanya simu ishuke kwanza 3G au 2G ndipo ifunguke. Mawimbi yakiwa hafifu, inakatikia kwenye kushuka huko. Laini ya uwakala iweke kwenye kitochi, au kwenye simu uliyoifunga ibaki 2G tu, kwani menyu ile haihitaji zaidi ya hapo. Na muamala ukikatika usiurudie kabla hujatazama salio, maana huenda ule wa kwanza ulishapita na mteja wako yuko zake kwenye bodaboda.

Kama laini ni ya miaka mingi, omba ubadilishiwe, namba ikibaki ile ile. Laini mpya inaweza kuja na mipangilio ya baada ya muungano. Nenda mwenyewe dukani na namba yako ya NIDA na kidole chako. Anayekupigia akisema "mtandao umeungana, nitajie namba ya siri tukuhamishe" ni tapeli, mkatie.

Hayo yote yakishindikana, piga 100 na usiishie kusema mtandao unasumbua. Wape kijiji, saa, usomaji wa simu zote mbili na ile picha uliyopiga, kisha udai namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, lipeleke TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, pamoja na namba hiyo. Ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko Arusha.

Kuhama? Kuhama na namba yako kunaruhusiwa nchini tangu Machi 2017, ila mimi ningesubiri, kwa kuwa unataka kuukimbilia mnara ambao kampuni yako tayari inaumiliki. Ukiamua hata hivyo, hamisha laini ya kawaida tu. Ya uwakala imefungwa na mkataba wa kampuni. Na toa pesa zote zilizomo kwanza, kwa sababu namba inahama lakini salio haliifuati.