Wasomaji Wanauliza: Kikundi cha Mjadala wa Kiingereza Mtandaoni

SWALI: Tuko watu 12. Tunakutana kwa video mara moja kwa wiki, saa nzima, kujadili masuala ya jamii na maadili kwa Kiingereza. Wawili ndio wanaosema, waliobaki wananyamaza. Tufanyeje?

JIBU: Anzeni na hesabu. Katika dakika 60, toeni 10 za salamu na utangulizi, na 10 za kusahihishana mwishoni. Zinabaki 40. Zigawanyeni kwa watu 12, kila mmoja anaambulia dakika tatu na kidogo. Anayetafuta maneno atamaliza nusu ya muda huo akijipanga, na mwenye ufasaha atajaza pengo. Msimlaumu, maana ukimya wa mtandaoni humtia wasiwasi kila mtu na yeye ndiye mwenye njia ya haraka ya kuuondoa. Tatizo ni ukubwa wa kikundi.

Watu 6 wanatosha, 8 wawe mwisho. Kama hamtaki kugawanyika, tumieni vyumba vidogo vilivyomo katika programu nyingi za mikutano ya video: watu watatu watatu, dakika 8, kabla ya mjadala wa wote. Humo kila mmoja anaijaribu hoja yake mbele ya wenzake wawili tu, hata kama inatoka kwa kukwamakwama. Akirudi kikaoni anaisema mara ya pili, na tofauti inasikika.

Mwezeshaji naye ajifunze kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Kwenu, ambako lugha ni ya kujifunza na sauti inachelewa njiani, mwezeshaji ahesabu moyoni hadi 10. Bora zaidi, kila mtu aandike sentensi moja kwenye sehemu ya ujumbe, asiitume mpaka mwezeshaji aseme tumeni. Kisha aitwe yule asiyesema kwa kutumia sentensi yake mwenyewe: “You wrote that the teacher should wait. Why wait?” Ni vigumu mtu kukwama akiulizwa juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika.

SWALI: Tumejadili umaskini, rushwa na mitandao ya kijamii. Kila mara baada ya dakika 15 mazungumzo yanakauka. Mada zetu zina kasoro gani?

JIBU: Kasoro ni kwamba ni mada. Hakuna anayetetea rushwa; mtu wa kwanza akishasema ni mbaya, wa pili anabaki na kazi ya kukubali tu. Mjadala wa maadili unataka kisa: mtu mmoja, uamuzi mmoja, muda mfupi, na hasara kila upande. Msimuweke mtu mwovu ndani yake, maana akiwapo wote watamlaumu yeye na kazi itaishia hapo.

Tazameni kisa mashuhuri kuliko vyote vya namna hii. Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Uingereza Philippa Foot aliandika juu ya dereva wa tramu (gari la abiria lipitalo relini mjini) iliyomshinda, ikielekea kuwaua watu watano relini. Akiigeuza njia nyingine, ataua mmoja. Karibu kila mtu husema ageuze. Mwaka 1976 Judith Jarvis Thomson wa Marekani akabadilisha hali: uko juu ya daraja, na njia pekee ya kuisimamisha tramu ni kumsukuma mtu mnene aliye kando yako. Hesabu ni ile ile, mmoja kwa watano, lakini wengi hukataa. Hapo ndipo mazungumzo yanapowaka, kwa sababu sasa kila mtu analazimika kueleza ni nini kilichobadilika.

Igeni mbinu hiyo, na kisa kiwe cha maisha ya kawaida. Kwa mfano: mwalimu anagundua kwamba mwanafunzi wake bora aliandikiwa na akili mnemba insha ya kuombea ufadhili wa masomo. Mwisho wa kutuma maombi ni kesho. Bila ufadhili huo hataweza kusoma. Je, mwalimu aseme? Waacheni watu wachague upande. Baada ya dakika 12 ongezeni jambo moja: insha ilikuwa yake, ila sarufi ilisahihishwa na mashine. Baada ya nyingine 12: mwanafunzi wa pili, maskini kama yeye, aliandika mwenyewe na ameshika nafasi inayofuata. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara. Mkibadilisha viwili, hamtajua ni kipi kilichomsukuma mtu kuhama.

Kisa kiandikwe kwa Kiingereza chepesi cha maneno 120 hadi 150, na kitumwe siku mbili kabla kikiwa na maneno 8 magumu yaliyoelezwa. Kikizidi hapo, nusu ya kikao itaishia kwenye kukielewa.

SWALI: Mtu akikosea Kiingereza, asahihishwe pale pale au baadaye?

JIBU: Baadaye. Ukimkatiza mtu katikati ya hoja, anapoteza hoja na sentensi vyote viwili. Mtu mmoja, kwa zamu, aandike makosa anayoyasikia, kisha katika dakika 10 za mwisho aonyeshe sentensi tano au sita bila kutaja nani alisema, na kikundi kizirekebishe pamoja.

Kuna makosa mawili ambayo hayangoji, kwa sababu yanageuza maana ya hoja yenyewe. La kwanza ni “he” na “she”. Mzungumzaji wa Kiswahili hazitofautishi kwa mazoea, na katika kisa chenye mwanamume na mwanamke wasikilizaji wanashindwa kujua nani analaumiwa. La pili ni vitenzi visaidizi. “She can report it” ina maana anaweza au anaruhusiwa. “She should report it” inasema ndilo jambo linalofaa. “She must” haimwachii hiari. Na “she should have reported it” ni lawama kwa jambo lililokwisha pita. Katika mjadala wa maadili, maneno haya ndiyo hoja yenyewe. Mwezeshaji aulize kwa upole, “Can, or should?”, mtu achague, aendelee.

SWALI: Wiki iliyopita tulijadili iwapo mgonjwa mahututi anaweza kuomba asaidiwe kufa. Mmoja aliambiwa “You are wrong”, akatoka kikaoni. Tuache mada nyeti?

JIBU: Msiziache, zitayarisheni. Uholanzi ilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo kwa masharti mwaka 2001, ikaanza kutumika 2002, na hadi leo watu wenye nia njema wanatofautiana juu yake. Watu wazima wanaweza kulizungumza.

Angalieni kwanza lugha. Kwa Kiswahili aliyesema maneno yale pengine angetanguliza “samahani, mimi naliona tofauti kidogo”. Kwa Kiingereza alikuwa na maneno matatu tu, akayatumia. Wapeni watu sentensi za kupingana na zikae mbele ya macho yao wakati wote: “I see it differently.” “I agree with the first part, but…” “What if the patient had no family?” Halafu wekeni kanuni moja: kabla ya kupinga, rudia hoja ya mwenzako mpaka yeye akubali umeielewa. Inapunguza kasi ya hasira, na kwa mwanafunzi wa lugha ni zoezi zuri la kusikiliza.

Mada ya kifo, dini au ujauzito itangazwe wiki nzima kabla, na kila mtu awe na ruhusa ya kusema “I'd rather pass” bila kuulizwa sababu. Msirekodi. Fuateni kanuni iliyobuniwa mwaka 1927 na Chatham House, taasisi ya masuala ya kimataifa ya London: unaweza kuyatumia uliyoyasikia, lakini hutaji aliyeyasema. Na yule aliyetoka atafutwe faraghani, na mwezeshaji mwenyewe, kabla ya kikao kijacho.

SWALI: Kiwango gani cha Kiingereza kinatosha kujiunga?

JIBU: Kwa vipimo vya lugha ambavyo Baraza la Ulaya lilivichapisha mwaka 2001, mtu wa B1, yaani ngazi ya kati, anaweza kutoa maoni na sababu fupi, wa B2, ngazi inayofuata, anaweza kueleza faida na hasara za misimamo mbalimbali. B1 inatosha. Mkiwa na viwango vyote viwili, wa B1 waanze kusema, kwa sababu wakingoja watakuta hoja rahisi zimekwisha.

SWALI: Mtandao wetu ni dhaifu, sauti zinakatika.

JIBU: Zimeni kamera zote isipokuwa ya anayesema, ikikatika bado, hata yake. Asiyesema azime maikrofoni. Kisa mwe nacho tayari kwenye simu, ili aliyepotea hewani kwa dakika mbili asome na kuendelea. Na awepo mwezeshaji wa pili mwenye mamlaka ya kufungua kikao, kwa sababu wa kwanza naye anaweza kukatika.