Jibu: Babu asiyetaka kuusimulia usiku wa Lukaya

Habari za leo, ndugu yangu wa Ujiji. Umeeleza kwamba babu yako alipigana Vita vya Kagera, lakini kila mnapomwuliza kama aliogopa kule Lukaya, mji wa Uganda palipopiganwa usiku ule, hunyanyuka na kuondoka.

Mwulize kwanza alikuwa brigedi ipi. Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ndiyo iliyokumbana na majeshi ya Amin na Walibya waliomsaidia tarehe 10 Machi 1979. Maroketi ya Katyusha ya adui mengi yalipita juu ya vichwa vya hao mgambo, lakini kishindo chake kilivunja safu, watu wakarudi nyuma. Brigedi ya 208, nayo ya Tanzania, ilizunguka usiku kuifikia barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 brigedi hizo mbili zikashambulia kutoka pande mbili. Kwa hiyo, kama alikuwa wa 201, swali la woga linamgusa pabaya, ingawa wenzake hao hao ndio waliojikusanya na kurudi vitani asubuhi (jambo ambalo mimi naliona gumu kuliko kutokimbia kabisa).

Baba yangu mdogo hapa Tabora alifunguka nilipoacha habari za risasi, nikamwuliza nani alilala karibu naye, walikula nini na nani hakurudi. Majina yalitangulia, masimulizi yakafuata.

Tumia daftari, simu uiweke mbali. Akinyamaza, usimharakishe. Na kama yupo mwenzake wa kikosi aliye hai, wakutanishe, nawe ukae pembeni usikilize.